Ole Evinrude, Fundi wa Mtambo wa Mashua

Wanafunzi wakaao pwani au kandokando ya maziwa makubwa wamekwisha kuona mashua ziendazo mbio bila tanga wala makasia. Nguvu zake zatoka katika mtambo mdogo uliofungwa tezini, yaani nyuma ya chombo. Mvuvi huuchukua mtambo huo begani, akaubana katika ubao wa tezi, akatia petroli, akauwasha, akenda zake. Jioni huufungua, akaurudisha nyumbani. Aliyefanya kazi kubwa kuliko wengine hata mtambo huu ukawa chombo cha watu wa kawaida aliitwa Ole Evinrude, na habari za maisha yake ni hizi.

Ole alizaliwa mwaka 1877 katika nchi ya Norway. Alipokuwa angali mtoto mdogo, wazazi wake walivuka bahari, wakahamia Marekani, wakapata shamba katika jimbo la Wisconsin karibu na ziwa liitwalo Ripley. Baba yake alitaka mwanawe awe mkulima kama yeye. Walakini moyo wa Ole ulikuwa katika vyuma na vyombo vya majini. Shuleni hakukaa sana, maana kazi ya shamba ilikuwa nyingi.

Husimuliwa kwamba Ole alipokuwa kijana wa miaka 15 hivi aliunda mashua. Baba yake alipoiona alikasirika sana, kwa kuwa aliona ni kupoteza wakati, akaivunja na kuichoma moto. Ole hakukata tamaa. Alianza tena kwa siri, akaficha mbao zake, hata mashua ya pili ikaisha. Baba alipoitazama kazi ile, alitambua ya kuwa mwanawe ni fundi, wala hakumzuia tena.

Alipotimiza miaka 16 Ole alikwenda mji wa Madison kufanya kazi katika karakana. Baadaye alifanya kazi katika viwanda vya Pittsburgh na Chicago, akajifunza kusubu chuma na kutengeneza injini. Mchana alitumia mikono yake, na usiku alisoma vitabu vya hesabu, ili ayapate yale aliyoyakosa utotoni. Mwaka 1900 alikuwa katika mji wa Milwaukee, naye akaingia shirika na mwenziwe, wakafungua karakana yao ya injini.

Katika mji huo alimpata Bess Cary, msichana mwenye akili nyepesi na bidii. Ole alijua vyuma, lakini hesabu za biashara zilimshinda. Bess alijua kuandika barua na kutunza daftari, akamsaidia. Siku moja ya joto kali, mwaka 1906, walikwenda pamoja na rafiki zao kupumzika katika kisiwa cha ziwa Okauchee. Bess alitamani aiskrimu, yaani maziwa matamu yaliyogandishwa kwa baridi. Ole akaingia katika mashua, akavuta makasia maili 2 na nusu hata ng'ambo, akanunua, akageuka kurudi. Lakini jua lilikuwa kali, na mwendo wa makasia ni wa polepole. Alipofika kisiwani aiskrimu yote ilikuwa imeyeyuka. Njiani, huku mikono ikimwuma, aliwaza ya kuwa injini ndogo ingaliweza kuifanya kazi ile kwa dakika chache. Mwaka huo huo wakaoana.

Ni haki kusema ya kuwa Ole hakuwa wa kwanza kuwaza hivi. Mfaransa mmoja, Gustave Trouvé, alikwisha kuendesha mashua katika mto Seine mwaka 1881 kwa mtambo wa umeme, na Mmarekani Cameron Waterman alitangulia kuuza mitambo ya petroli ya namna hii. Lakini Ole aliufanya wake uwe imara, na mwepesi wa kutumia. Bess alipouona mara ya kwanza aliufananisha na kinu cha kusagia kahawa, na Ole akarudi karakanani kuutengeneza vizuri zaidi.

Mtambo ule ulifanya kazi hivi. Juu palikuwa na silinda moja iliyolala, na ndani yake petroli iliwaka na kuusukuma mhimili uliosimama wima. Juu ya mhimili palikuwa na gurudumu zito lenye kishikio, na mtu alilizungusha kwa mkono ili injini iwake. Mhimili ulishuka hata chini ya maji, na huko magurudumu ya meno yaliugeuza mwendo wake na kuizungusha rafadha, yaani lile panga lisukumalo maji. Maji ya ziwa yenyewe yaliipoza silinda. Mtambo wote ulishikwa na vibano vya parafujo katika ubao wa tezi, basi mwenye mashua hakuhitaji kutoboa chombo chake. Ila alipaswa kuangalia kimo: mtambo ukifungwa juu mno, rafadha hupiga hewa, na mashua haiendi, ukifungwa chini mno, maji huuzuia mwendo.

Mwaka 1909 Ole alianza kuiuza mitambo hiyo. Mmoja ulikuwa na nguvu za farasi 1 na nusu, uzito wake ratili 62, yaani kilo 28 hivi, na bei yake dola 62. Husimuliwa kwamba rafiki yake mmoja aliazima mtambo kwa siku moja, akarudi na fedha za watu waliotaka mitambo 10. Bess akaandika tangazo la kuwaambia watu watupe makasia yao, na barua zikaja kwa wingi. Hata wavuvi wa Norway na nchi za jirani wakainunua kwa maelfu. Hivyo kazi ya mikono ya Ole ilirudi katika nchi aliyozaliwa.

Lakini kazi nyingi zilimchosha Bess, naye akaugua. Ole akawa na shauri zito mbele yake: ama kushika kiwanda chenye jina lake, ama kumtunza mkewe. Hakusitasita. Karibu na mwaka 1914 alimwuzia mshiriki wake sehemu yake yote, akatoa ahadi ya kutofanya biashara ya mitambo ya mashua kwa muda wa miaka 5. Akaondoka na mkewe na mtoto wao, wakasafiri na kupumzika, hata Bess akapata afya. Ahadi ile Ole aliitimiza.

Muda ulipokwisha aliutazama mtambo wake wa kwanza kwa jicho la fundi, akauona kuwa mzito mno. Akaunda mwingine wenye silinda 2, akatumia alumini, madini nyepesi, mahali pa chuma kingi. Mtambo huu mpya ulikuwa na nguvu za farasi 3, yaani mara mbili ya ule wa 1909, na uzito wake haukufika ratili 50. Aliupeleka kwanza kwa mshiriki wake wa zamani, naye akaukataa. Basi mwaka 1921 Ole na Bess walianza upya na kiwanda kingine, wakakiita Elto. Mwaka uliofuata ndugu wa jamaa ya Johnson walileta mtambo mwepesi zaidi, wa ratili 35, na mashindano yakawa makali. Ole hakulalamika, alirudi karakanani, na mwaka 1928 akatoa mtambo wa silinda 4 wenye nguvu za farasi 18. Mwaka 1929 kampuni yake iliungana na ile ya kwanza aliyoiuza pamoja na nyingine moja, naye akawa mkuu wa zote.

Bess alifariki mwaka 1933, na Ole akamfuata mwaka 1934, akiwa na miaka 57. Mwana wao Ralph akaiendeleza kazi. Mitambo yenye jina la Evinrude iliendelea kutengenezwa hata mwaka 2020.

Wazee husema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Ole alikuwa fundi hodari, lakini bila Bess mtambo wake ungalibaki karakanani. Na ilipombidi kuchagua, aliiacha mali akamshika mwenziwe. Tena hakuona haya kuihukumu kazi yake mwenyewe na kuianza upya. Mwanafunzi atakaye kuwa fundi wa kweli na ayakumbuke mambo haya mawili.