MAISHA YA BONDIA ROBERT WANGILA



Robert Wangila alizaliwa Nairobi, Kenya, mwaka wa 1967. Katika michezo ya Olimpiki ya Seoul, mwaka wa 1988, alipigana mchezo wa mwisho na Laurent Boudouani wa Ufaransa. Raundi ya pili akamwangusha. Njo mara ya kwanza bondia wa Kenya kupata medali ya zahabu ya Olimpiki.

Wengi wetu tunawaza kama ngumi inatoka ku mkono. Hapana. Inaanza ku muguu unaosukuma chini, kiuno kinageuka, bega linafuata, mkono unafika wa mwisho. Mcheza tenisi naye anapiga mupira vile vile. Hata sisi huku Kasongo tukipasua kuni, mwenye kutumia mikono peke yake anachoka mbio.

Lakini tuangalie upande mwingine: mwili mzima unapiga, kichwa kimoja kinapokea. Wangila akawa bondia wa malipo huko Amerika. Mwezi wa 7, 1994, alipigana na David Gonzalez ku Las Vegas. Mwamuzi akasimamisha pigano. Wangila hakupendezwa, alitaka kuendelea. Kumbe mwamuzi aliona vizuri. Kisha pigano Wangila akazimia, na nyuma ya siku mbili akakufa. Alikuwa na miaka 26.

Basi, tukicheza ku kiwanja chetu na firimbi ikilia, tuache bila kunungunika.