Pim Fortuyn wa Uholanzi: Maisha Yake, Kuuawa Kwake, na Mazingatio Yake

Ndugu zetu wasomaji, ada ya watu ni kusoma maisha ya wale wanaowapenda, na kuyaacha maisha ya wale waliowachukia. Sisi twaona kwamba ada hii ina upungufu. Mtu aliyetusema vibaya mbele ya taifa zima, na taifa hilo likamsikiliza, maisha yake yafaa kusomwa kwa makini zaidi kuliko ya rafiki. Kwani rafiki hutwambia tunayoyapenda, na adui hutuonyesha mahali tulipo wazi. Kwa hivyo leo twaeleza khabari za Pim Fortuyn, mwanasiasa wa Uholanzi aliyeuawa mwaka wa 2002. Tutazieleza kwa insafu, tukitaja yaliyo haki yake na yaliyo juu yake, kwani Mola wetu ametuamrisha uadilifu hata kwa watu tusiopendana nao.

Alizaliwa tarehe 19 Februari 1948 katika kijiji cha Driehuis, karibu na bahari ya kaskazini ya Uholanzi, katika nyumba ya Wakatoliki. Alisoma elimu ya jamii mjini Amsterdam akamaliza mwaka wa 1971, kisha akafundisha kwa miaka mingi katika chuo kikuu cha Groningen, na huko akapata shahada ya udaktari. Yafaa msomaji ajue kwamba mtu huyu hakuanza upande aliomalizia. Katika ujana wake alifundisha kwa kufuata mawazo ya Karl Marx, na alikuwa mwanachama wa chama cha Kazi, chama cha wafanya kazi na wanyonge. Alikitoka chama hicho mwaka wa 1989. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amehamia Rotterdam, mji wa bandari kubwa kuliko zote za Ulaya, na mji huo ndio uliokuja kumpa jina.

Hapo Rotterdam alisimamia kwa muda shirika la kadi za usafiri wa wanafunzi, kisha tangu 1991 mpaka 1995 akawa profesa katika chuo kikuu cha Erasmus. Baada ya hapo aliishi kwa kalamu na ulimi wake: akiandika makala katika jarida la Elsevier, akitoa hotuba kwa malipo, na kutunga vitabu. Alikuwa mtu wa fahari. Alivaa suti za thamani na tai pana, alipanda gari kubwa lenye dereva, alikuwa na mtumishi wa nyumbani na vijibwa viwili. Wala hakuficha kwamba alikuwa mtu wa kupenda wanaume wenzake. Jambo hili twalitaja si kwa kumfedhehi maiti, bali kwa sababu yeye mwenyewe alilifanya kuwa nguzo ya hoja yake, kama itakavyoonekana.

Ili kumfahamu mtu huyu ni lazima kwanza kufahamu nchi yake ilivyokuwa. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Uholanzi vilikosa mikono ya kufanya kazi, na serikali ikafanya mapatano na Uturuki mwaka wa 1964 na Moroko mwaka wa 1969 ili iletewe vibarua. Wenyeji walidhani watu hawa watafanya kazi miaka michache kisha warudi kwao. Na vibarua wenyewe walidhani hivyo hivyo. Hawakurudi. Waliita wake zao na watoto wao, wakakaa katika mitaa ya zamani ya miji mikubwa, mitaa ya nyumba za kodi nafuu, ambamo Waholanzi maskini nao walikuwa wakikaa. Viwanda vilipofungwa, wazee wengi wa Kituruki na Kimoroko walibaki bila kazi na bila lugha ya nchi. Maimamu wengi waliletwa kutoka nje, wakasalisha watu kwa miaka bila ya kuweza kuzungumza na jirani wa msikiti.

Na wakubwa wa nchi walifanya nini? Kwa jumla walinyamaza. Tangu mwaka wa 1994 nchi ilitawaliwa na mchanganyiko wa vyama vitatu chini ya Wim Kok, na mali ilikuwa nyingi, watu wakadhani kila kitu ki sawa. Mkaaji wa mtaa wa Rotterdam aliyelalamikia wizi, au foleni ya hospitali, au shule ya mtaa iliyoharibika, au wageni asiofahamiana nao, alijibiwa kwamba mambo hayo si ya kusemwa. Basi yakawekwa moyoni. Na lililowekwa moyoni kwa muda mrefu humngoja mtu wa kulitoa.

Fortuyn ndiye aliyelitoa. Mwaka wa 1997 aliandika kitabu akidai kwamba utamaduni wa Uholanzi wasilimishwa na lazima uzuiliwe. Hoja yake kwa ufupi ilikuwa hii: kwamba Waholanzi wamepata kwa taabu uhuru wa wanawake, na uhuru wa watu walio kama yeye, na mgawanyo wa dini na dola, na kwamba Uislamu waja kuyaondoa hayo. Hii haikuwa hoja ya wakoloni wa zamani waliodai ubora wa damu. Ilikuwa hoja ya mtu asemaye kwamba yeye ndiye mwenye kutetea uhuru, nasi ndio wenye kuuogopesha. Kwa sababu hiyo iliingia katika masikio ya watu ambao wasingemsikiliza mbaguzi wa rangi.

Tena hapa pana jambo ambalo wengi wetu hawalijui. Kitabu hicho kilipotolewa upya miaka michache baadaye, kiliwekwa ndani yake majibu ya imamu mmoja wa huko huko Uholanzi, aliyempinga mwandishi. Katika jalada moja akakaa mwenye kushutumu na mwenye kujibu. Twaona hili lilikuwa jambo jema, na laiti mambo yangalikwenda kwa njia hiyo mpaka mwisho.

Mwezi wa Mei 2001 imamu mwingine wa Rotterdam aliulizwa katika televisheni juu ya wanaume wapendao wanaume, akajibu kwa kuwafananisha na maradhi yenye kuambukiza taifa. Alishtakiwa, na mahakama ikamwachilia. Lakini neno lilikwisha toka, na Fortuyn akalishika kuwa ushahidi wake. Hatusemi kwamba mwanachuoni aifiche dini yake. Twasema kwamba kubainisha hukumu ni jambo moja, na kuchagua neno la kumdhalilisha mtu mbele ya umati usiokufahamu ni jambo jingine. Na mwenye kulipa gharama ya neno hilo hakuwa imamu, bali ni mama wa Kimoroko aliyetazamwa kwa jicho baya sokoni asubuhi yake.

Mwezi wa Agosti 2001 Fortuyn alitangaza kuwa ataingia katika siasa, na kabla ya mwaka kwisha chama kipya kilichoitwa Leefbaar Nederland kikamchagua awe mbele ya orodha yake. Katikati ya hayo kulikuwa na msiba wa tarehe 11 Septemba kule Marekani, na khofu ya Waislamu ikazidi kila mahali. Tarehe 9 Februari 2002 gazeti la Volkskrant lilichapisha mazungumzo yake, ambamo aliuita Uislamu utamaduni uliobaki nyuma, na akataka kifungu cha kwanza cha katiba, kile kinachokataza ubaguzi, kiondolewe. Chama chake kilimfukuza mara moja. Katika siku chache akaunda orodha yake mwenyewe, akaipa jina lake.

Insafu yatutaka tuseme na upande wa pili. Mtu huyu aliyetaka milango ya nchi ifungwe, alitaka pia wale wageni waliokwisha kaa miaka mingi bila ya hati wapewe ruhusa ya kubaki. Na wa pili katika orodha yake alikuwa kijana mwenye asili ya visiwa vya Cape Verde. Mwenye kumfananisha na Hitler, na huko kwao walikuwako waliomfananisha na viongozi wa namna hiyo, hakumjibu; alimzidishia wafuasi tu.

Tarehe 6 Machi 2002 ulifanywa uchaguzi wa mabaraza ya miji. Rotterdam, mji ambao chama cha Kazi kilikuwa kikiutawala tangu vita vya pili vya dunia, ulimpa Fortuyn na wenziwe viti 17 katika 45, wakawa wa kwanza. Usiku huo viongozi wa vyama vikubwa walikaa naye mbele ya televisheni, na nyuso zao zilikuwa zimekunjamana, hawakutaka hata kumtazama. Waholanzi waliwaona, wakafahamu nani anawadharau. Wiki moja baadaye watu walimpiga usoni kwa keki alipokuwa akitoa kitabu kipya mjini Den Haag. Naye alilalamika hadharani kwamba hapati ulinzi.

Mwezi wa Aprili serikali ya Kok ilijiuzulu kwa sababu ya ripoti juu ya Srebrenica, ule mji wa Bosnia ambao mwaka wa 1995 askari wa Kiholanzi walishindwa kuulinda, na Waislamu wapatao elfu nane, wanaume na vijana, wakauawa na Waserbia. Basi katika majira yale yale ambayo Waislamu waliambiwa kuwa ni khatari kwa Uholanzi, Uholanzi ilikuwa ikikiri kwamba Waislamu waliwekwa katika amana yake na amana ikapotea.

Tarehe 6 Mei 2002, siku tisa kabla ya uchaguzi mkuu, Fortuyn alitoka katika studio ya redio mjini Hilversum. Mahali pa kuegesha magari alimngojea mtu mwenye bastola, akampiga risasi, akafa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 54. Waholanzi walirudi katika vitabu vya tarehe kutafuta mfano wake, wakaufikia mwaka wa 1672, ndugu wawili wa de Witt walipouawa na umati. Usiku ule Waislamu wengi wa nchi hiyo walikaa majumbani mwao wakiomba jambo moja, kwamba muuaji asiwe mmoja wao. Hakuwa. Alikuwa Mholanzi mzalia, mtetezi wa haki za wanyama. Lakini alipofikishwa mahakamani alieleza kwamba alimwona Fortuyn ni khatari kwa wanyonge, na kwamba alikuwa akiwafanya Waislamu kuwa ngazi ya kupandia madarakani. Alihukumiwa kifungo cha miaka 18 mwaka wa 2003.

Hapa ndipo penye mazingatio makubwa. Mtu alimwaga damu akidai kututetea, na hapana Mwislamu aliyemwomba. Je, alitutetea? Tazameni matokeo. Orodha ya maiti ilipata viti 26 katika 150, ikawa ya pili katika nchi, na chama cha Kazi kikaanguka kutoka viti 45 mpaka 23. Maneno yake, ambayo alipokuwa hai yangeweza kupingwa, yakawa wasia. Waliobaki katika chama chake waligombana wenyewe kwa wenyewe, na serikali waliyoingia ikavunjika baada ya siku 87. Mwaka wa 2008 chama kikafutwa. Hii yaonyesha kwamba lau angeishi, huenda kazi ya kutawala ingempima kama inavyowapima wote. Risasi ilimwepusha na mtihani huo, ikawaachia wengine kulitumia jina lake.

Wala sisi hatukusalimika na fitina hii. Tarehe 2 Novemba 2004, Theo van Gogh, mtengeneza filamu aliyekuwa rafiki wa Fortuyn, aliuawa mjini Amsterdam, na safari hii muuaji alikuwa kijana wa Kiislamu aliyezaliwa mji huo huo. Baada ya siku chache shule za Kiislamu zilishambuliwa, na katika mji wa Uden moja ikateketezwa kwa moto. Madawati yaliyoungua yalikuwa ya watoto wetu. Kisha wakaja wanasiasa wenye ulimi mkali kuliko wa Fortuyn, na mwaka wa 2023 chama cha Geert Wilders kilipata viti 37, kikawa cha kwanza.

Ni nani basi aliyemjibu Fortuyn? Twataja mmoja. Ahmed Aboutaleb alizaliwa Moroko mwaka wa 1961, mwana wa imamu wa kijiji, akafika Uholanzi akiwa na miaka 15. Alijifunza lugha, akafanya kazi, akawatumikia watu, na mwezi wa Januari 2009 akawekwa kuwa meya wa Rotterdam, mji ule ule uliompandisha Fortuyn. Wafuasi wa Fortuyn walimpinga. Alikaa katika kiti hicho mpaka Oktoba 2024. Huenda wako Waislamu wasiokubaliana naye katika mengi, na hilo ni haki yao. Lakini miaka 15 ya kazi ni jibu ambalo halihitaji bastola, na mkaaji wa Rotterdam aliyeliona kwa macho yake ni vigumu kumshawishi kinyume chake.

Fortuyn alizikwa kwanza kwao, kisha mwezi wa Julai 2002 akahamishiwa Provesano, kijiji cha Italia alichokuwa na nyumba. Amekwisha kwenda kwa Muumba wake, na hisabu yake si kazi yetu. Kazi yetu ni kujua kwamba alipata nguvu palipokuwa na majirani wasiojuana na wakubwa walionyamaza. Na kwamba mwenye kutuingilia kwa hoja huondolewa kwa elimu, kwa lugha ya nchi tunayokaa, na kwa mwendo mwema. Mwenyezi Mungu atupe insafu tunaposema, na subira tunaposemwa.