Semei Kakungulu, Shujaa Aliyevuka Mto Namatala

Wako wanafunzi wengi wapendao manga, yaani vile vitabu vya hadithi za picha vitokavyo Japani, na hata miongoni mwa wanafunzi wetu wa zamani wako ambao hawajaviacha. Kwa wale wapendao hadithi za kale, twawashauri wavitafute viwili. Cha kwanza ni Vagabond cha Takehiko Inoue, kilichoanza kutoka mwaka 1998. Kinasimulia habari za Miyamoto Musashi, bingwa wa upanga aliyefariki mwaka 1645. Cha pili ni Vinland Saga cha Makoto Yukimura, kilichoanza mwaka 2005, chenye habari za kijana Thorfinn wa nchi za kaskazini ya Ulaya, ambaye alikulia vitani na baadaye akautupa upanga ili awe mkulima. Vitabu hivi vina damu nyingi, havifai kwa watoto wadogo. Lakini msomaji wa madarasa ya juu atapata faida, maana vyote viwili vyauliza jambo moja: Mtu aliyezoea vita atafanya nini vita vikiisha, na atawajibu nini wale aliowakanyaga njiani?

Jambo hilo halikuwapata watu wa ng'ambo peke yao. Lilimpata mtu aliyeishi hapa kwetu, akaujenga mji huu tunaouona kila siku, akazikwa karibu nao. Mtu huyo ni Semei Kakungulu. Jina lake wengi wanalijua, lakini maisha yake hawayajui.

Kakungulu alizaliwa yapata mwaka 1869 katika Koki, ufalme mdogo uliokuwa kusini-magharibi ya Buganda. Hakuwa Muganda wa kuzaliwa katika Buganda yenyewe, ila alikwenda huko akiwa kijana, zamani za Kabaka Mwanga, akajulikana upesi kwa ustadi wake wa kuwinda ndovu. Siku zile meno ya ndovu ndiyo yaliyoleta bunduki, na mwenye bunduki na shabaha alipata cheo haraka. Kisha akasoma, akawa Mkristo wa upande wa Waprotestanti.

Wakati huo Buganda ilikuwa imechafuka. Mwaka 1888 Mwanga aliondolewa katika kiti chake, na Waislamu, Wakatoliki, Waprotestanti na watu wa dini ya jadi wakapigana miaka mingi. Wakristo walifukuzwa wakakimbilia Ankole, halafu wakarudi kwa nguvu ya silaha wakamrudisha Mwanga. Katika vita hivyo Kakungulu alitokea kuwa jemadari. Mwaka 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipopigana huko Mengo, yeye alikuwa miongoni mwa viongozi wa upande ulioshinda kwa msaada wa Kapteni Lugard na bunduki yake ya Maxim.

Baada ya ushindi alipewa cheo cha Kimbugwe, ambacho katika Buganda kilifuata kile cha Katikiro. Lakini Katikiro alikuwa Apolo Kagwa, naye Kagwa hakuwa mtu wa kupenda mwenzi. Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Wakuu hawa wawili waligombana mpaka Kakungulu akakiacha cheo chake, akaenda kutawala Bugerere, upande wa magharibi wa mto Nile. Huko alitazama ng'ambo ya Ziwa Kyoga, akaona nchi pana isiyokuwa na Katikiro wala Kabaka wa kumkalia kichwani.

Mwaka 1899 ndio uliomfanya ajulikane kila mahali. Mwanga na Mukama Kabalega wa Bunyoro walikuwa wamekimbilia Lango, kaskazini ya Ziwa Kyoga, wakiwapinga Waingereza. Tarehe 9 Aprili mwaka huo, jeshi la Serikali lililoongozwa na Mwingereza Evatt, pamoja na Waganda wa Kakungulu, liliwavamia asubuhi likawakamata wafalme wote wawili. Kabalega alipigwa risasi mkononi. Wote wakapelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli, na Mwanga akafia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, lakini hakuiona tena Bunyoro. Alifariki Jinja, katika kilima cha Mpumudde, ambacho jina lake lina maana ya kupumzika. Wenzetu wa Jinja wanapopita pale na wakumbuke kwamba habari za mzee yule na habari za mwasisi wa Mbale ni habari moja.

Baada ya kuwakamata wafalme, Kakungulu aliendelea kwenda mashariki. Watu wake walijenga ngome moja baada ya nyingine, wakiteka nchi za Wateso, Wagwere na majirani zao. Kila walipofika waliigawa nchi kwa mtindo wa Buganda, yaani saza, gombolola na muluka, wakaweka wakuu Waganda, wakapanda migomba na kuchimba barabara. Nchi hiyo yote Waganda waliiita Bukedi, jina la dharau, maana yake nchi ya watu walio uchi. Wenyewe hawakujiita hivyo. Walikuwa na koo zao, wazee wao na mashamba yao, wala hawakumwomba mtu yeyote aje awatawale.

Hapa, mpenzi msomaji, yafaa tusimame kidogo. Mtu akiyasoma maisha ya Kakungulu kwa upande wa Waganda wenzake, ataona ushujaa mtupu: mtu asiye na asili ya kifalme anatwaa nchi kubwa kwa akili na bunduki chache. Akiyasikiliza kwa upande wa wazee wa Bugwere, Teso au Bugisu, atasikia habari za ng'ombe waliochukuliwa, za watu waliouawa, na za wakuu wageni waliotoza kodi na kuwalazimisha watu kazi ya barabara. Pande zote mbili husema kweli. Mwenye kusikiliza upande mmoja tu amesoma nusu ya kitabu.

Makao makuu ya Kakungulu yalikuwa Budaka. Alitumaini kwamba Waingereza watamfanya Kabaka wa Bukedi, naye aliamini kwamba Sir Harry Johnston, mjumbe mkuu wa Serikali, amemkubalia jambo hilo. Serikali haikuona hivyo. Ilikuwa imemwachia ateke nchi kwa watu wake na kwa gharama yake, kwa sababu haikuwa na fedha wala askari wa kutosha wa kufanya kazi hiyo yenyewe. Kazi ilipokwisha, mwaka 1902, Serikali iliichukua Budaka ikamwambia aondoke. Badala ya ufalme alipewa ardhi ya maili 20 za mraba chini ya milima ya Masaba.

Ndipo alipouvuka mto Namatala. Mtu atokaye Budaka kwenda Mbale hana budi kuuvuka mto huo na kinamasi chake, na hata leo barabara ya Tirinyi yapita hapo. Kakungulu alivuka na wafuasi wengi, wake kwa waume, akajenga chini ya mlima Wanale. Palikuwa pori na mashamba machache. Yeye na watu wake wakachora barabara zilizonyoka, wakapanda miti kando yake, wakapanda migomba, wakafungua soko. Wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi wakafika. Katika muda wa miaka miwili tu mahali pale palikuwa mji, na Wazungu waliofika walistaajabu.

Lakini mji ukiwa mzuri, wenye nguvu huutamani. Mwaka 1904 Serikali ilihamisha makao yake kutoka Budaka ikayaleta Mbale, juu ya mlango wa Kakungulu. Mwaka 1906 ikamhamisha yeye mwenyewe, ikampeleka Busoga awe mkuu wa baraza la watawala wa huko. Kwa jina ilikuwa heshima, lakini kwa kweli ilikuwa njia ya kumtenga na watu wake. Wasoga nao walikuwa na watawala wao wa asili, hawakuona sababu ya kuongozwa na mgeni. Kakungulu akakaa huko mpaka mwaka 1913, kisha akarudi Mbale akiwa chifu wa saza tu, katika mji alioujenga kwa mikono ya watu wake.

Wengine wakifikishwa hapo hunywa pombe, au hufa kwa uchungu. Kakungulu alifungua Biblia. Kwanza alijiunga na watu wa Malaki Musajjakawa na Joswa Kate, waliofundisha kwamba Mungu ndiye mganga wa pekee na kwamba kutumia dawa ni dhambi. Jambo hilo lilimgombanisha na Serikali, iliyotaka watu na ng'ombe wachanjwe. Kisha akazidi kuyasoma Maandiko, hasa vitabu vya Musa, akaona kwamba yameamriwa mambo ambayo Wakristo hawayafanyi. Mwaka 1919 alitahiriwa, pamoja na wanawe na baadhi ya wafuasi wake. Waganda hawakuwa na desturi ya kutahiri. Wagisu, majirani zake wapya, ndio wenye jando lao la imbalu. Watu wa Malaki walimwambia kwamba tohara ni ya Wayahudi. Naye akaona kwamba, kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi.

Fikiri, ewe msomaji, ugumu wa jambo hilo. Hapakuwa na Myahudi hata mmoja aliyekuja kumhubiria. Alisoma tu, akaamini alichosoma, akakifuata hata kilipompotezea marafiki na heshima ya Wazungu. Baadaye akakutana na Myahudi mgeni aliyeitwa Yosefu, aliyekaa naye miezi kadhaa akamfundisha sikukuu, kalenda na sheria za vyakula. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha Kiganda chenye mafundisho na sala kwa ajili ya wafuasi wake. Wakajiita Abayudaya, nao walikaa upande wa Gangama na kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale.

Tarehe 24 Novemba 1928 alifariki, akazikwa karibu na Mbale. Wengi walidhani kwamba dini yake itazikwa pamoja naye. Haikuwa hivyo. Abayudaya walidumu bila msaada, wakapita hata katika miaka ya 1970, Idi Amin alipoipiga marufuku ibada yao na wengi wakaiacha. Utawala wake ulipoanguka mwaka 1979, waliosalia walianza upya. Sinagogi lao liko Nabugoye, na shule ya sekondari yenye jina la Semei Kakungulu ipo karibu nao, ikisomesha watoto wa dini zote.

Je, tuseme nini juu ya mtu huyu? Ufalme alioutafuta kwa bunduki hakuupata. Nchi alizoziteka zilichukuliwa na waliomtuma. Mji alioujenga ulimponyoka mkononi, na kabla ya uhuru wa mwaka 1962 Bugisu na Bukedi walikuwa wakiugombania kama kwamba yeye hakuwapo. Kilichobaki ni vitu viwili ambavyo havikupatikana kwa vita: barabara na miti ya mji, na imani ya watu wachache wa Nabugoye. Lakini hata hivyo tusiwasahau wale ambao migomba ilipandwa juu ya mashamba yao. Shujaa wa mtu mmoja ni mvamizi wa mwenzake, na darasa letu, lenye watoto wa Wagisu, Wagwere, Wateso, Wasoga na Waganda walioketi benchi moja, halina ruhusa ya kusahau hilo.

Musashi, baada ya mapigano yote aliyoshinda, aliingia pangoni karibu na Kumamoto akaandika kitabu mwishoni mwa maisha yake. Kakungulu naye alimaliza kwa kitabu. Tofauti ni kwamba Wajapani wamemchora wao mara nyingi, hata mtoto wa Mbale anamjua. Kwa anayetaka kumjua wa kwetu kwa urefu, kipo kitabu cha Michael Twaddle kilichotoka mwaka 1993, nacho ni cha Kiingereza. Lakini kabla ya kitabu wako wazee. Likizo hii kila mmoja na amwulize babu au bibi yake habari alizosikia juu ya Kakungulu, za sifa na za malalamiko, aziandike daftarini pamoja na jina la kijiji. Na mwenye mkono wa kuchora, asingoje Wajapani. Achukue kalamu yake, aanzie pale kwenye daraja la Namatala, na asisahau kuwachora pia watu waliokuwa wamesimama ng'ambo ya pili wakiutazama msafara ule ukija.