Dian Fossey na Chakula cha Gorila wa Virunga

Mkazi wa Gisenyi auinuaye uso asubuhi kuutazama mlima Karisimbi yafaa akumbuke kwamba nyuma yake, kuelekea Bisoke, limelala kaburi la mwanamke wa Kimarekani.

Dian Fossey alizaliwa San Francisco tarehe 16 Januari 1932, na kabla ya kuhamia Afrika alihudumia watoto walemavu mjini Louisville. Mwaka 1963 alikutana na Dakta Louis Leakey huko Olduvai, Tanganyika, ambaye baadaye alimtuma kuwachunguza gorila wa milimani. Alianzia Kabara, Kongo, mwanzoni mwa 1967. Mapigano yalipomwondoa mwezi Julai, alipokelewa Mugongo, katika vilima vya Gisenyi, shambani kwa Rosamond Carr; na tarehe 24 Septemba akaanzisha kituo cha Karisoke.

Huko alijionea jambo lijulikanalo kwa kila mkuu wa kikosi: ukubwa wa jeshi hupimwa kwa ghala lake. Dume mzima aweza kula kilo 30 za majani kwa siku. Mitelemko ya juu ina malisho tele, lakini mianzi, ambayo machipukizi yake gorila huyapenda mno, humea chini. Basi mwaka 1969 hekta zipatazo 10,000 za mbuga zilitolewa kwa kilimo cha pareto. Wakulima nao walikuwa na watoto wa kulisha, hilo lisisahauliwe. Hata hivyo familia za gorila zilisukumwa juu, zikabanana. George Schaller alikuwa amekadiria gorila 450 hivi mwaka 1960. Hesabu ya 1981 ilipata 254. Sehemu ya hasara ililetwa na mitego na mikuki, sehemu na ardhi iliyopotea.

Dume Digit alipouawa tarehe 31 Desemba 1977, Fossey alizidisha vita dhidi ya majangili, kwa ukali uliomletea maadui wengi. Aliuawa kibandani mwake usiku wa tarehe 26 Desemba 1985.

Ulinzi ulizaa matunda: hesabu ya 2015 na 2016 ilipata gorila 604 Virunga. Lakini msitu haukupanuka pamoja nao. Familia zinazokaribiana hupigana, watoto huuawa, na ongezeko hupungua. Mlinzi aweza kumzuia jangili. Hawezi kuotesha mlima wa pili.