Mfumu Paul Panda Farnana, Askari Aliyewadai Wenzake Kumbukumbu



Kamati imetuomba sisi walimu tuandike katika toleo hili la kumbukumbu juu ya askari wa zamani: alama wanazovaa, desturi zao na udugu wao. Jambo hili si geni kwetu. Katika makazi haya wanaishi watu waliowahi kuvaa sare za serikali mbalimbali, na wengi ni watoto na wajukuu wa askari. Tena tunaishi bega kwa bega watu ambao majeshi ya kwao yalipigana. Tukimsifu jemadari wa upande mmoja, jirani atakumbuka msiba wake. Kwa hiyo tumeona afadhali tueleze maisha ya mtu aliyefariki zamani, aliyepigana majuma machache tu, lakini akatumia miaka yake iliyobaki kuwatetea wenzake waliosahauliwa. Huyo ni Mfumu Paul Panda Farnana wa Kongo.

KUZALIWA NA MASOMO

Panda alizaliwa mwaka 1888 katika kijiji cha Nzemba, karibu na Banana, pale mto Kongo unapoingia baharini. Neno Mfumu kwa Kikongo maana yake ni chifu. Wakati huo Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na bendera yake ilikuwa ya buluu yenye nyota moja ya manjano. Nyota ile ndiyo waliyopigania askari wa Kongo waliokuja baadaye.

Mwaka 1900, akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, alichukuliwa na ofisa mmoja wa Kibelgiji aitwaye Derscheid, akapelekwa Brussels. Huko alilelewa na Louise, dada wa ofisa yule, aliyemsomesha kama mtoto wa nyumbani. Mwaka 1904 aliingia shule ya kilimo na bustani ya Vilvoorde, na mwaka 1907 akatoka na diploma. Akaongeza masomo ya kilimo cha nchi za joto huko Nogent-sur-Marne, Ufaransa. Wakati ule Mkongo mwenye elimu ya namna hiyo hakuwahi kuonekana.

Mwaka 1909 serikali ya Ubelgiji ilimwajiri akarudi Kongo kama mtaalamu wa kilimo. Alifanya kazi katika bustani ya mimea ya Eala, karibu na mji tunaouita leo Mbandaka, kisha akaongoza kituo cha kilimo cha Kalamu katika Kongo ya Chini. Kabla ya vita alirudi Ulaya.

VITANI NA KIFUNGONI

Agosti 1914 Wajerumani waliingia Ubelgiji. Panda hakulazimishwa na mtu. Alijiandikisha katika kikosi cha wafanyakazi wa Kongo waliojitolea, chini ya Kanali Chaltin, wakapelekwa kuulinda mji wa Namur. Wazungu walikuwa wengi katika kikosi hicho. Wakongo walikuwa wachache. Mji ulianguka mwezi huo huo. Panda alikamatwa pamoja na wenzake Joseph Adipanga na Albert Kudjabo, wakapelekwa Ujerumani. Walikaa kifungoni hadi vita vilipokwisha mwaka 1918.

Wazee wetu waliotoka Ituri walisikie vizuri jina la Kudjabo. Yeye alitoka upande wa Kilo, penye dhahabu. Akiwa mfungwa mwaka 1917, wataalamu wa Kijerumani waliokuwa wakikusanya lugha za wafungwa walimrekodi sauti yake kwa mashine, na sauti hiyo imehifadhiwa Berlin hadi leo. Askari wengi wa Kongo walikufa bila hata jina kuandikwa, lakini sauti ya mmoja wao imebaki nchi ya waliomfunga.

VITA VILIPOFIKA HUKU KWETU

Panda akiwa bado kifungoni, vita vile vile vilifika katika nchi zetu. Mwanzoni mwa 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji, lililoitwa Force Publique, lilijipanga kuwashambulia Wajerumani katika Ruanda, Urundi na Tanganyika. Sehemu moja ya jeshi hilo ilikusanyika Kamwezi, upande wa Kigezi. Mizigo yao ilitoka Mombasa kwa reli, ikavuka ziwa Victoria hadi Bukakata, kisha ikabebwa kwa mikokoteni ya ng'ombe na kwa vichwa vya watu kupitia Mbarara. Hivyo anayekwenda Mbarara leo kutafuta dawa au kununua vitabu anafika mahali walipopita wapagazi wa vita ile.

Kigali ilichukuliwa Mei 1916, na Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo huo. Jemadari Tombeur alifanywa baron, na baadaye jina la Tabora likaongezwa kwenye jina la ukoo wake. Askari walipewa medali ya vita vya Afrika. Na wapagazi je? Uganda ilitoa maelfu, na Kongo ikatoa zaidi ya laki mbili. Hao walikufa kwa njaa, kuhara na baridi ya milimani kuliko kwa risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yao wapagazi waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 90,000. Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zilijengwa sanamu za shaba za kuwakumbuka askari na wapagazi, lakini sanamu hizo hazikutaja jina la hata mmoja wao.

CHAMA CHA KUSAIDIANA

Baada ya vita, desturi za askari wa zamani zilienea duniani. Nchi nyingi zilikuwa na vyama vyao, beji zao na siku yao ya tarehe 11 Novemba, siku bunduki ziliponyamaza mwaka 1918. Waingereza walivaa ua jekundu la popi, na Wafaransa ua la buluu. Mtu akiona alama hiyo kifuani mwa mwenzake, alijua kwamba huyu tulikuwa naye kwenye matope.

Panda na wenzake waliporudi Brussels walitazamia kupokewa katika udugu huo. Badala yake, gazeti moja la wapiganaji wa zamani liliandika kwamba Weusi hawa warudishwe kwao, wakakae kwenye kivuli cha migomba yao. Walioandika hivyo si raia waliokaa nyumbani, bali askari wenzao. Panda hakujibu kwa matusi. Alijibu kwa barua yenye heshima, akawakumbusha kwamba siku za mitaro waliambiwa kuwa ni ndugu.

Tarehe 30 Agosti 1919 walianzisha chama chao wenyewe, Umoja wa Wakongo, na Panda akawa mwenyekiti. Wanachama wa kwanza hawakufika arobaini, na wengi walikuwa askari wa zamani. Wengine walikuwa mabaharia na watumishi wa nyumbani, watu waliokaa mbali na kwao bila ndugu. Chama kilikuwa cha kusaidiana katika ugonjwa na shida, na cha kuinua elimu na tabia ya wanachama. Kiliwatafutia masomo ya jioni wale wasiojua kusoma. Medali haimsaidii mtu ambaye hawezi kusoma barua inayomhusu pensheni yake.

Tunaomba msomaji apime jambo hili. Panda angeweza kuishi vizuri peke yake. Alikuwa na diploma, na milango mingi ya Brussels ilikuwa wazi kwake kuliko kwa baharia wa Matadi. Hata hivyo alikaa pamoja na baharia yule katika chama kimoja, wakawa ndugu wa kufa na kuzikana.

ASKARI ASIYEJULIKANA

Mwaka 1920 Waingereza na Wafaransa walizika kwa heshima kubwa kila mmoja askari wake asiyejulikana jina, kwa niaba ya wote waliopotea. Wabelgiji walifanya hivyo tarehe 11 Novemba 1922 mjini Brussels. Majeneza matano yalipangwa, na askari aliyepofushwa na vita akachagua moja. Desturi hiyo ni nzuri, kwa sababu mama yeyote ambaye mwanawe hakurudi anaweza kusema kwamba aliyelala pale labda ni wa kwake.

Panda aliuliza: na mama wa Kongo? Akadai Ubelgiji imkumbuke pia askari wa Kongo asiyejulikana. Dai hilo hakulipata maishani mwake. Huko Schaerbeek, katika jiji la Brussels, mnara wa kumbukumbu ya majeshi ya vita vya Afrika ulisimamishwa mwaka 1970 tu, miaka arobaini baada ya kifo chake.

Hakudai kumbukumbu tu. Desemba 1920, katika mkutano wa taifa la Ubelgiji kuhusu makoloni, alisimama mbele ya wakubwa akataka Wakongo wasomeshwe na washirikishwe katika uongozi wa nchi yao. Mwaka 1921 alishiriki katika mkutano wa watu weusi wa dunia uliofanyika Brussels, pamoja na Mmarekani W.E.B. Du Bois. Magazeti ya walowezi yalimshuku kuwa mchochezi. Hoja yake ilikuwa rahisi: aliyefaa kufa kwa ajili ya nchi anafaa pia kusikilizwa na nchi hiyo.

MWISHO WAKE

Mwaka 1929 Panda alirudi Nzemba kwa watu wake. Hakurudi na gwaride. Alifungua shule, akajenga kanisa dogo na kinu cha mafuta ya mawese. Tarehe 12 Mei 1930 alifariki Matadi, akiwa na umri wa miaka 42 hivi. Tangu aliporudi ulikuwa umepita kama mwaka mmoja tu.

FUNDISHO KWETU

Ndugu wasomaji, hapa Nakivale hatuvai vyeo vya jeshi, na ni haki iwe hivyo. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unasema kwamba kumpokea mkimbizi ni tendo la amani na la utu. Aliyekuwa askari akikaa kati yetu, amekaa kama raia. Hatusemi azitupe nishani zake ikiwa anazo. Mzee anayo haki ya kuwaonyesha wajukuu utepe wake na kuwaeleza ulitoka wapi. Tunasema tu kwamba isiwe alama ya kumtisha jirani.

Lakini udugu wa Panda tunaweza kuufuata, na tayari tunao mwanzo wake. Tunachangia jeneza, tunambeba mgonjwa kumfikisha kwenye gari la kwenda hospitali ya Mbarara, watu wa lugha tatu wanachimba kaburi moja. Pungufu yetu ni kuandika. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza vya dunia, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina yao. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kukiri. Waliowajua watu hao wamekwisha kufa.

Kwetu bado waliowajua wako hai. Kwa hiyo tunaomba kila nyumba ichukue daftari moja la shule, mtoto anayejua kusoma aketi na babu au bibi, aandike majina ya marehemu wa ukoo: askari na asiye askari, aliyezikwa kwao, aliyezikwa njiani na aliyezikwa hapa. Aandike kijiji, na mwaka ikiwa unajulikana. Asiulize alikuwa upande gani. Daftari likijaa, lihifadhiwe pakavu, pamoja na kadi za wakimbizi na vyeti vya ubatizo au vya shule.

Sisi walimu tuko tayari kumsaidia yeyote ambaye hana mtoto wa kumwandikia. Njooni shuleni saa za jioni, baada ya masomo.