Ronald Ross: Daktari aliyepiga hesabu ya malaria kabla ya kompyuta

Mvua zikianza kunyesha unajua kinachofuata. Madimbwi yanajaa, mbu wanaongezeka, na baada ya wiki chache foleni ya wazazi waliobeba watoto wenye homa inarefuka zahanati. Huenda umewahi kujiuliza: hivi wataalamu hawawezi kujua mapema, wakaleta dawa na vyandarua kabla hatujaanza kuhangaika?

Siku hizi wanajitahidi, kwa kuigiza mlipuko ndani ya kompyuta kabla haujatokea. Lakini msingi wa hesabu hizo uliwekwa na daktari aliyefariki mwaka 1932, kabla ya kompyuta za leo. Wiki hii tumwangalie Ronald Ross, kwani alichokigundua kinagusa kitanda cha mwanao.

Ross alizaliwa mwaka 1857 huko Almora, kaskazini mwa India, baba yake akiwa ofisa wa jeshi la Uingereza. Kijana alipenda uandishi na muziki, lakini baba alitaka awe daktari. Akasoma udaktari London, na mwaka 1881 akaajiriwa katika idara ya tiba ya India.

Enzi hizo watu wengi waliamini malaria inaletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Hata jina lenyewe lina maana hiyo kwa Kiitaliano. Daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, alikuwa ameona vimelea kwenye damu ya wagonjwa mwaka 1880, ila haikujulikana vinamwingiaje mtu. Mwaka 1894, akiwa likizoni London, Ross alionyeshwa vimelea hivyo na Patrick Manson, aliyehisi kwamba mbu anahusika.

Ross alirudi India akaanza kupasua mbu mmoja baada ya mwingine chini ya hadubini. Alimlipa mgonjwa wa malaria akubali kuumwa na mbu, kisha akawachunguza mbu wale. Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, aliona vimelea kwenye ukuta wa tumbo la mbu. Mwaka uliofuata, akitumia ndege huko Calcutta, alithibitisha kwamba vimelea husafiri hadi kwenye tezi za mate za mbu na kuingia mwilini anapouma. Wataalamu wa Italia nao wakaonyesha kwamba kwa binadamu anayehusika ni mbu wa anofelesi. Ross aligombana nao kwa miaka mingi kuhusu nani alitangulia. Tuzo ya Nobel ya tiba alipewa yeye mwaka 1902.

Wengi huishia hapo wanapomsimulia. Lakini sehemu inayotuhusu zaidi leo ilikuja baadaye.

Baada ya ugunduzi ule, Ross alihimiza miji ifukie madimbwi na kupunguza mbu. Wakubwa wengi walimpinga. Walisema mbu hawaishi. Ukiwaua hapa watakuja kutoka kule. Jaribio lililofanyika kwenye kambi ya jeshi ya Mian Mir, karibu na Lahore, lilipoonekana kushindwa, wapinzani wakapata nguvu. Kama wangesikilizwa wao tu, kazi ya kupambana na mbu ingeachwa.

Ross akajibu kwa hesabu. Mwishoni mwa mwaka 1907 aliitwa kisiwani Mauritius, ambako miaka 40 hivi kabla malaria ilikuwa imeua makumi ya maelfu ya watu. Kujua ukubwa wa tatizo, alitumia upimaji wa bandama za watoto, kwa sababu bandama huvimba mtoto akiugua malaria mara kwa mara. Kisha akajiuliza maswali rahisi. Kati ya wagonjwa, wangapi wana vimelea vya kuambukiza mbu? Kati ya mbu, wangapi hufanikiwa kumuuma mtu? Na wangapi huishi zile siku kumi au zaidi ambazo vimelea huhitaji kukomaa ndani ya mbu?

Jibu lake ni hili. Mbu wengi hufa kabla ya kumwambukiza mtu yeyote. Kwa hiyo si lazima kumuua kila mbu. Kuna kiwango ambacho mbu wakipungua chini yake, kila mgonjwa anaambukiza chini ya mtu mmoja, na ugonjwa unafifia wenyewe. Lakini ukilegeza kamba wakarudi juu ya kiwango hicho, ugonjwa nao unarudi. Alichapisha hesabu hizo mwaka 1908, na kuziendeleza katika kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu kuzuia malaria.

Leo kompyuta hufanya kazi hiyo kwa kasi ambayo Ross hakuiota. Wataalamu hujenga nchi ya kubuni yenye watu, mbu, mvua na zahanati, kisha huuliza: vyandarua vikikosekana itakuwaje? Aprili 2020, korona ilipoanza kuenea, Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio ya namna hiyo. Yalionyesha kwamba ugawaji wa vyandarua ukisimama na dawa zikipungua kwa robo tatu, vifo vya malaria Afrika kusini mwa Sahara vingeweza kufika 769,000 mwaka huo, mara mbili ya vile vya mwaka 2018. Nchi nyingi ziliendelea kugawa vyandarua licha ya korona. Vifo viliongezeka, lakini havikufika huko.

Wewe mzazi unaingia wapi? Umo ndani ya hesabu hiyo.

Chandarua chenye dawa kinamnyima mbu nafasi ya kuuma, na pia kinamuua kabla vimelea havijakomaa. Hivyo kinamlinda hata mtoto wa jirani. Kitumie kila usiku, hata ukiona mbu wamepungua, maana huo ndio wakati watu wanapolegeza kamba.

Mtoto akipata homa, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, usinunue dawa kwa kubahatisha. Kipimo kinachoandikwa kwenye daftari la zahanati ndicho kinachowaonyesha wataalamu kwamba mlipuko unaanza. Akikutwa na malaria, amalize dozi yote hata akichangamka siku ya pili. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kula, akitapika kila kitu, akihema kwa shida au akilegea sana, usisubiri asubuhi. Mkimbize hospitali usiku huo huo.

Ross alifariki London tarehe 16 Septemba 1932. Kila tarehe 20 Agosti dunia huadhimisha Siku ya Mbu, kukumbuka alichokiona Secunderabad. Usiku wa leo, kabla hujazima taa, kagua chandarua cha mwanao kama kina tundu.