Joginder Singh: Fundi aliyefufua gari kuukuu akashinda Safari Rally

MSAFIRI atokaye Mombasa kuelekea Nairobi, akishaipita Mariakani, hufika Samburu. Hii ni Samburu ya Kinango katika Kaunti ya Kwale, wala si ile ya wafugaji wa kaskazini. Mbele yake kuna Taru na Mackinnon Road, nchi kavu ya miiba na vumbi jekundu, ambako zamani injini ikichemka dereva hakuwa na wa kumlilia ila mikono yake mwenyewe.

Ukanda huo uliyajua vyema magari ya Safari Rally, katika miaka ambayo njia ya mashindano ilishuka hadi Pwani. Wengi wa madereva waliovuma enzi hizo walijua kuendesha. Joginder Singh Bhachu alijua kuendesha, na zaidi ya hilo alijua kutengeneza.

Alizaliwa Februari 9, 1932 mjini Kericho, katika jamii ya Wasikh ambao wengi wetu huwaita Kalasinga. Baba yake alihamia Kenya kutoka Punjab na akawa na gereji. Humo ndimo kijana huyo alimojifunza kushika spana, kuosha vipuri kwa mafuta na kuisikiliza injini kama tabibu anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari, kazi yake ikiwa kuzunguka barabarani akiwakwamua wanachama walioharibikiwa na magari. Ajira hiyo ilimfunza jambo ambalo halifundishwi darasani: gari hufia wapi, na kwa sababu gani.

Safari ilianzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na katika miaka yake ya mwanzo ulikuwa mchezo wa walowezi wa Kizungu. Joginder aliuingia mwaka 1959. Mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoondoka, ni saba tu yaliyomaliza. Fiat aliyoiendesha pamoja na ndugu yake Jaswant ilikuwa mojawapo, ikashika nafasi ya nne.

Jina lake, hata hivyo, lilijengwa na mashindano ya Pasaka ya mwaka 1965. Timu za viwanda vya ng'ambo zilikuja na magari mapya, masanduku ya vipuri na mafundi wa kuzihudumia njiani. Joginder na Jaswant walikuwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Ilikuwa gari la timu ya kiwanda katika mashindano ya 1964, yaliyoishia kwa ushindi wa Ford, kisha likabaki nchini. Ndugu hao walilifumua na kulijenga upya. Lingewafia porini, hapakuwa na kiwanda cha kuwafidia.

Kujenga upya injini ya mashindano kwa fedha kidogo ni kazi yenye taratibu zake. Fundi huifungua yote, akaosha kila kipande na kukipima. Silinda zikiwa zimelika hazina budi kuchongwa. Ringi za pistoni, beringi na gasketi hubadilishwa, kwa kuwa gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya kuziacha. Valvu husagwa hadi zikae barabara, moto usivuje. Kile ambacho kingali kizima hurudishwa mahali pake. Hapo ndipo mfuko mwembamba unapompima fundi, kwani mwenye fedha nyingi hununua kila kitu kipya, ilhali asiye nazo hana budi kujua kwa yakini kipi kitahimili na kipi kitamsaliti.

Zaidi ya hayo, injini ya mbio fupi za kunyooka hutakiwa kutoa nguvu zake zote kwa sekunde chache, kisha ikapumzika. Ile ya Safari ilitakiwa kuishi siku kadhaa, maelfu ya kilomita, ikinyweshwa vumbi mchana na matope usiku. Fundi aliyeikaza kupita kiasi ili apate kasi alijiongezea joto, na joto likamla beringi na gasketi. Mwenye busara aliacha sehemu ya nguvu ili anunue uhai. Gari kuukuu nalo lina fadhila yake moja: udhaifu wake umekwisha kujitokeza, na mwenye macho huuona kabla ya safari.

Volvo hiyo yenye nambari 1 ubavuni ilirejea ikiwa ya kwanza, ikiwaacha waliofuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Kenya ilikuwa na miaka isiyozidi miwili ya uhuru. Kwa mara ya kwanza, taji la Safari lilikwenda kwa dereva asiye Mzungu, mtoto wa gereji aliyezaliwa papa hapa nchini.

Haikuwa bahati ya mara moja. Mwaka 1968, magari saba tu kati ya 93 yalimaliza, na Joginder alikuwemo tena. Mwaka 1974, akiwa na David Doig katika Mitsubishi Lancer ya injini ndogo ya lita 1.6, aliishinda Porsche 911 ya Björn Waldegård. Mwaka 1976 walishinda tena, na Joginder akawa dereva wa kwanza kulitwaa taji hilo mara tatu. Wakati huo alikuwa na kiwanda nyuma yake na hakuhesabu tena bei ya kila gasketi, lakini mazoea ya gereji hakuyaacha.

Ushahidi wa mazoea hayo umo katika hesabu moja ambayo huenda inashinda mataji yake. Hadi alipostaafu mwaka 1980 alikuwa ameingia Safari mara 22, na mara 19 alifika mwisho. Kwa mashindano yaliyoyazika magari mengi kuliko yaliyoyafikisha, rekodi hiyo haipatikani kwa mguu mzito pekee. Alifariki dunia Oktoba 20, 2013 jijini London, akiwa na umri wa miaka 81.

Safari ilirejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, na magari yake yana thamani ambayo fundi wa kando ya barabara hawezi hata kuiota. Kijana wa Samburu anayejifunza ufundi chini ya lori, akiwa na spana chache za kuazima, anaweza kuyatazama akadhani mchezo huo si wake. Na aikumbuke Volvo ya 1965. Mchagua jembe si mkulima.